Barua kwa mwanangu: muulize anayelipwa mwisho

Mikindani

Mwanangu mpendwa,

Dawa za baba yako zimefika salama, na kiboksi ulichozitilia nimekipata. Uvimbe wa mguu umepungua. Tangu Ijumaa anakwenda msikitini bila fimbo. Mama yako mdogo anakusalimia, na anasema kile kitenge ulichomletea Idi ameshakishona.

Sasa lile swali lako. Uliniandikia hivi: "Mama, kuna kampuni hapa Dar inatengeneza vifungashio vya makapi ya miwa na karatasi iliyotumika, badala ya plastiki. Wanauza hisa. Nina milioni nne za akiba. Nikiziweka humo, nitapata gawio na pia nitakuwa nimetenda jema?" Nimekaa nalo siku nane. Baba yako alinishauri nikujibu ndiyo au hapana. Nimejaribu, nikaona siwezi kabla sijakueleza mambo ambayo ilinibidi nikueleze zamani.

Nianze na hilo jema, maana ni jema kweli, sibishi. Unaikumbuka pwani yetu ulipokuwa darasa la tano? Maji yakitoka ulikuwa unaona mikoko imevaa mifuko ya rambo, mieusi na ya buluu, mizizi haionekani. Uliwahi kuniuliza kama ile ni maua yake. Marufuku ilipoanza tarehe 1 Juni 2019 nilifurahi kama niliyepewa zawadi mkononi. Zanzibar walishatangulia tangu 2006, sisi tukachelewa miaka 13, lakini tulifika. Halafu ikaja mifuko mbadala. Tukaambiwa hii ni kama kitambaa. Mimi niliyefundisha sayansi miaka thelathini nikachukua mmoja, nikachoma pindo kwa kiberiti. Ukayeyuka, ukadondosha matone meusi juu ya saruji. Ilikuwa plastiki ileile, nyuzi zake zimegandamizwa tu. Baadaye kiwango kikawekwa, usipungue gramu 70 kwa mita ya mraba, ili angalau mtu autumie mara nyingi kabla ya kuutupa. Kwa hiyo mtu akiniambia kitu chake ni rafiki wa mazingira, kwanza natafuta kiberiti.

Kiboksi chako cha dawa, kile cha kampuni hiyo, sikukichoma. Nilikitia kwenye beseni la maji, nikakiacha siku mbili ukumbini. Siku ya tatu karatasi ilikuwa imelainika kama uji, nikaisugua kwa kidole gumba ikatoka yote. Chini yake ukabaki utando mwembamba, mng'avu, kama ngozi ya ndani ya yai. Niliuvuta kwa mikono miwili haukukatika upesi. Nikamwita baba yako akauona.

Nisiwaonee. Yawezekana utando ule si plastiki ya mafuta, ni ile inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi. Lakini hata hiyo nayo ina masharti. Inahitaji kiwanda cha mboji chenye joto la karibu nyuzi 60 ndipo ioze vizuri. Kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 13432 kinataka kitu kioze kwa asilimia 90 ndani ya miezi 6, na hesabu hiyo ni ya kiwandani. Ghuba yetu hata Januari haikaribii joto hilo. Ikifika kwenye mikoko, itakaa kama ile ya zamani. Waulize: vikishatumika, vinakwenda kuoza wapi? Na hivyo vya makapi ya miwa waulize ni kitu gani kinachozuia mafuta ya chipsi yasipenye. Kuna kemikali za kuzuia mafuta ambazo haziozi wala kutoweka upesi, si kwenye udongo wala mwilini, na Denmark ilizipiga marufuku kwenye vifungashio vya karatasi vya chakula kuanzia Julai 2020. Hilo ni swali la kawaida kabisa, mtu mwaminifu hatalikasirikia.

Lakini hayo yote, mwanangu, ungeweza kuyapata kwa mtu mwingine. Langu mimi ni moja, na umelisikia tangu utotoni hadi ukalichoka: muulize anayelipwa mwisho. Ukitaka kuijua biashara, usimuulize mwenye ofisi wala anayekaribisha wageni. Mtafute yule ambaye fedha zikichelewa yeye ndiye anayengoja.

Hujawahi kuniuliza cherehani yangu ilikwenda wapi. Ulirudi likizo ukaiona meza tupu, nikakwambia imeharibika gia, nimeipeleka kwa fundi Mtwara mjini. Haikuharibika. Niliiuza.

Ilikuwa mwaka huohuo wa marufuku. Mwezi wa Agosti ilikuja kampuni moja kutoka mjini, jina lake nimeamua nisilitaje. Walikuja watu watatu na gari safi. Walisema plastiki imekwisha, mahoteli yanataka vikapu vya asili, na wamesikia wanawake wa Mikindani wana mkono mzuri. Mwanangu, mkono mzuri tulikuwa nao. Bibi yako alisuka makanda ya chumvi tangu msichana, na kanda lake halikumwaga hata punje. Kikundi chetu kilikuwa na wanawake ishirini na wawili, mimi mweka hazina. Wakaagiza vikapu mia nne, shilingi elfu sita kimoja. Milioni mbili na laki nne! Hatukuwa tumewahi kuzitaja fedha hizo kwa sauti.

Sijui nikuelezeje zile wiki kumi. Barazani kwetu hapakuwa na pa kukanyaga. Huku milala imeanikwa, huku sufuria la rangi linachemka, huku mtu anachana, huku mwingine anasuka ukili wa vidole vitatu bila kuutazama, macho yako kwa mwenzake wanazungumza. Mama yako mdogo alikuwa anashona midomo ya vikapu, maana sindano yake haionekani ilipopita. Oktoba korosho zilipoanza kudondoka, wanane kati yetu waliacha kuokota za kwao, wakalipa vibarua, ili vikapu viishe. Ilikuwa furaha. Hata leo nikisikia harufu ya milala mibichi ya kuchovya moyo wangu unachangamka kabla sijakumbuka yaliyofuata.

Walikuja Desemba kuchukua. Walitupiga picha, wakatugawia fulana za kijani, wakapakia vikapu vyote mia nne. Fedha zingekuja baada ya ukaguzi. Januari wakapiga simu: vikapu mia na thelathini vimekataliwa, midomo imezidi vidole viwili. Nikauliza, vitarudi lini? Wakasema usafiri ni gharama. Machi mahoteli yakafungwa kwa corona, simu ikawa haipokelewi. Julai zikaja fedha za vikapu mia mbili na sabini, zimekatwa nauli ya gari. Vile mia na thelathini havikulipwa wala havikurudi.

Nami ndiye niliyekuwa nimewaambia wanawake wale, "Hawa ni watu wazuri, wanapenda mazingira." Kwa maneno hayohayo. Walikuwa wanakuja jioni wanakaa barazani, hawaulizi. Wanazungumza habari za mvua, halafu wanaondoka. Laiti wangenitukana. Ndipo nikauza cherehani, nikawagawia wale wanane walioacha korosho zao. Haikutosha, lakini niliweza kupita sokoni.

Kilichoniuma zaidi kilikuja mwaka uliofuata. Binamu yako alituletea kijarida cha kampuni ile kutoka kwenye maonyesho ya Sabasaba. Karatasi nzito, inang'aa. Ukurasa wa kwanza kuna picha ya mikono miwili inashona mdomo wa kikapu, na kidole cha shahada kina alama ya kuungua. Mikono ya mama yako mdogo. Chini yake wameandika kwamba wanawainua wanawake wa kusini. Aliitazama picha muda mrefu, akasema, "Kumbe nilikuwa nimeshika sindano vibaya." Hakusema lingine. Kijarida alikitia chini ya godoro na hajakitoa.

Nimeandika mpaka hapa, nikasimama, nikajibishana na nafsi yangu, maana haki ni haki. Vipimo ni vipimo. Sisi tulipima kwa pima ya mkono na kwa vidole, na vidole vya wanawake ishirini na wawili havilingani. Mimi mwalimu nilikuwa na rula kabatini na sikuitoa. Hatukuwa na karatasi ya makubaliano, hatukusaini popote. Baba yako kwenye chama cha msingi hapokei korosho hata kilo bila kuandika, na tangu stakabadhi ghalani ianze 2007 ameniambia mara mia kwamba gunia lisilo na stakabadhi ni hadithi. Na corona ilikuwa ya kweli, hoteli zilifungwa kweli. Yawezekana wale watu walikuja na nia safi wakaishiwa. Nayakubali yote hayo. Lakini fedha za kuchapisha kijarida zilipatikana. Hapo ndipo ninapokwama kila mara.

Bibi yako alikuwa na methali yake akiona mzigo umepungua njiani: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Vikapu vyetu mia na thelathini vilivuja, na kuna mchukuzi aliyepata nafuu.

Sasa turudi kwa kampuni yako, ambayo si ile, najua. Unasema karatasi wanainunua kwa waokotaji wa Kariakoo na dampo la Pugu. Basi usiishie ofisini. Nenda asubuhi pale wanapopima maboksi. Mtafute mama mwenye kiroba kidogo kuliko wote, muulize kilo moja walimlipa shilingi ngapi, na lini, taslimu au ahadi, na mzigo ukilowa mvua wanaukata vipi. Muulize anayelipwa mwisho. Atakwambia kwa dakika mbili habari ambazo kitabu chao chenye picha ya jani hakitakwambia. Kampuni inayomkopa mama wa kiroba itakukopa na wewe siku moja, ila wewe watakuandikia barua nzuri.

Makapi ya miwa nayo yananipa shaka ya kibiashara. Viwanda vya sukari haviyatupi. TPC kule Moshi wanayachoma kuendesha mitambo na kuzalisha umeme. Kwa hiyo si taka za bure zinazongoja mtu. Waulize kama wana mkataba wa maandishi na kiwanda, wa miaka mingapi, na kwa bei gani. Kama hawana, mwaka ambao sukari itayumba watakosa malighafi, na wewe utakosa gawio.

Na hisa zenyewe. Kama wanauzia watu wote, lazima wawe na waraka wa matarajio, yaani kitabu kinachoieleza kampuni kwa wanunuzi wa hisa, ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Uombe, uusome wote, hasa kurasa za madeni. Omba hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi wa nje za miaka mitatu. Na uulize: siku nikitaka kutoka, namuuzia nani? Hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam unaweza kumwita dalali ukauza. Hisa za kampuni ambayo haijaorodheshwa utazishika mpaka mmoja wao akubali kukununua, kwa bei atakayotaka yeye. Kwa milioni nne za mtu anayelipa kodi ya nyumba, hilo si jambo dogo.

Unataka niseme nunua au usinunue. Karatasi ya kwanza ya barua hii niliandika "usinunue", nikaikata. Ya pili nikaandika tena, nikaichana. Baba yako amesema namwadhibu mtu kwa kosa la mwingine, na nikimtazama namwona ana haki kidogo. Kama kila mtu aliyeumizwa akakataa, basi plastiki itarudi, maana vifungashio vya plastiki havina aibu, vinauzwa bei rahisi tu. Nami sitaki kuiona mikoko yangu ile tena. Lazima mtu atengeneze hivi vitu, na atahitaji mtaji, na afadhali mtaji uwe wa mtu kama wewe anayeuliza. Nalijua hilo. Lakini mkono wangu kila unapofika kwenye neno "nunua" unakuwa mzito. Fedha ni zako, jasho ni lako, na nimekulea uamue. Kwa hiyo sisemi. Ila usiweke zote nne, hilo nalisema kama mama na si kama mshauri.

Ukishaonana na mama wa kiroba niandikie alichosema, nami nitakujibu siku hiyohiyo.

Nimekutumia kwa dereva wa basi la asubuhi kilo mbili za korosho za kubangua, zimo kwenye kikapu. Kikapu hicho ni kimoja kati ya vilivyobaki nyumbani, kimeshonwa na mama yako mdogo. Ukikipima mdomo utaona kimezidi vidole viwili. Na ule utando wa kiboksi nimeuosha, nimeukausha, nimeukunja ndani ya bahasha hii. Nenda nao ofisini kwao, uuweke mezani, uwaulize ni kitu gani.

Mama yako