Daktari, kabla hujakimbilia PhD ya chanjo za watoto

Madaktari wa internship wananiandikia swali lile lile: nifanyeje niwe mtafiti wa kinga na chanjo za watoto, na PhD nikasome wapi? Jibu langu halibadiliki, na najua linawakera wengi. Jifunze kwanza kutunza sampuli za damu.

Njia yenyewe inafahamika: MD miaka 5, internship mwaka 1, usajili wa Baraza la Madaktari, MMed (shahada ya ubingwa) ya watoto miaka 3, ndipo PhD. Wapo wanaoruka MMed ili wawahi. Siwaungi mkono. Wodini na kliniki ndiko unakoelewa kwamba kichanga hutembea na kingamwili za mama yake, alizopata kupitia kondo la nyuma, hasa miezi ya mwisho ya mimba. Ndiyo maana chanjo ya surua kwetu husubiri miezi 9. Ukiitoa mapema, kingamwili za mama huvizima virusi vya chanjo kabla kinga ya mtoto haijajifunza. Asiyelizingatia hilo atapima damu ya mtoto wa miezi 3, akute kingamwili, aandike kwamba chanjo imefanya kazi.

Sasa damu yenyewe. Mtoto wa kilo 8 ana kama mililita 640 mwilini. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kutozidisha asilimia 1 kwa mara moja na asilimia 3 ndani ya wiki 4. Maana yake siku hiyo una mililita 6 tu: 1 ya picha kamili ya damu, 2 za seramu (majimaji ya damu iliyoganda, yenye kingamwili), 3 za seli za kinga. Ukizimwaga, humrudii mtoto.

Hapo kwenye seli ndipo tafiti nyingi hufia. Damu ya seli huwekwa kwenye tyubu ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), yenye kifuniko cha kijani, na kutunzwa kwenye nyuzi 18 hadi 25. Usiitie kwenye kiboksi cha barafu pamoja na chanjo! Ikikaa baridini kwa saa nyingi, granulosaiti, seli nyeupe usizozihitaji, huanguka vibaya damu ikizungushwa kwenye mashine na kuchanganyika na limfosaiti, seli nyeupe za kinga unazozitaka. Lakini Februari ya Dar, ndani ya gari lililokwama Tegeta, joto nalo linaua. Beba kiboksi kisicho na barafu, weka kipimajoto ndani, na hakikisha damu iko maabara na imeanza kushughulikiwa ndani ya saa 8.

Maabarani, changanya damu na PBS (maji ya chumvi ya maabara) nusu kwa nusu, imwage taratibu juu ya Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganisha seli), zungusha kwa 400 g, yaani mara 400 ya nguvu ya uvutano, dakika 30, breki ya mashine ikiwa imezimwa. Ukisahau kuizima breki, ule utando mweupe wa seli unavurugika na huna cha kunyonya. Osha mara 2, gandisha kwenye seramu yenye asilimia 10 ya DMSO (kemikali inayokinga seli zisipasuke zikigandishwa), na ukishaiweka usizubae, kwa sababu DMSO ni sumu kwa seli zikiwa kwenye joto la chumba. Joto lishuke kama nyuzi 1 kwa dakika hadi 80 chini ya sifuri, kisha zihamie kwenye naitrojeni ya kimiminika. Usizilaze kwenye friza kwa miezi. Umeme utakatika, jenereta itachelewa.

Haya utayajifunza hapa hapa. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika 2009 hadi 2014 katika nchi 7 za Afrika, yalikuwa na vituo viwili Tanzania: Bagamoyo na Korogwe. Omba kazi ya daktari wa utafiti, hata ya mkataba mfupi, chukua cheti cha GCP (kanuni za uendeshaji bora wa majaribio ya tiba), kisha muombe mkuu wa maabara akupe siku moja kwa wiki ukae mezani na mafundi. Wana subira kuliko maprofesa.

Ukianza kuandika protokali yako, yaani mpango wa utafiti, kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kwa jaribio la chanjo kila mtu atakukumbusha. Kinachosahaulika ni mkataba wa kuhamisha sampuli, kama vipimo vingine vitafanyika nje ya nchi. Uandike wiki hiyo hiyo ya protokali, utaje idadi ya tyubu, ujazo wake na vipimo vitakavyofanywa.