Maswali ya Wasomaji: Nyoka wa Kwanza Nyumbani

SWALI: Ndugu wahariri, nataka kufuga nyoka kwa mara ya kwanza. Rafiki yangu ananisukuma nichukue chatu, muuzaji anasema nyoka-mahindi. Yupi anamfaa asiyejua lolote? Nina tangi la kioo la sentimita 60 lenye mfuniko wa wavu, pamoja na mkeka wa joto.

JIBU: Chukua nyoka-mahindi, Pantherophis guttatus, mwenye asili ya kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu, akikomaa huwa na urefu wa sentimita 90 hadi 150, na kwa kawaida si mchaguzi wa chakula. Chatu wa kifalme, Python regius wa Afrika Magharibi na ya Kati, naye ni mpole, lakini anahitaji unyevu zaidi na anaweza kugoma kula kwa miezi, jambo linalomtia kiwewe mfugaji mpya. Jua pia unajifunga kwa muda gani: nyoka-mahindi huishi miaka 15 hadi 20, chatu huyo hata 30.

Uliza kwanza kama sheria za mahali ulipo zinadai kibali. Kisha tafuta aliyezaliwa kizimbani, kwa kuwa wa porini mara nyingi huja na vimelea, na umwombe muuzaji amlishe mbele yako panya aliyekufa. Mkague chini ya kidevu: vidoa vyeusi vinavyotembea kati ya magamba ni utitiri. Anayepumua kwa mdomo wazi au kutoa mapovu puani mwache hapo hapo.

Tangi lako litamtosha akiwa mchanga tu. Mkubwa apate sentimita 120 kwa 60. Mfuniko ubanwe kwa vibanio pande zote. Kichwa kikipenya, mwili wote umepita.

Sasa joto, ambako ndiko wengi huharibu. Nyoka humeng'enya chakula kwa joto la nje ya mwili wake, kwa hiyo upande mmoja uwe nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi na wa pili 22 hadi 24, ajichagulie. Mkeka ukae chini ya tangi, kwa nje, usizidi theluthi moja ya sakafu, na usiuwashe kamwe bila themostati, kifaa kinachouwasha na kuuzima kulingana na joto. Kihisio chake kibandike kati ya mkeka na kioo. Ukikilaza ndani juu ya maranda, nyoka akakisukuma hadi upande wa baridi, themostati itadhani kizimba kimepoa na itaendelea kuuwasha mkeka hadi aungue tumbo. Ukishakibandika, weka kipimajoto cha pili ndani, kwenye kioo chenyewe chini ya maranda, urekebishe themostati mpaka hapo pasome 30. Fanya haya siku kadhaa kabla nyoka hajafika.

Weka maficho mawili yanayombana, moja kila upande. Likiwepo moja tu upande wa baridi, atachagua usalama aache joto, na panya aliyemmeza ataozea tumboni. Tandika maranda ya aspeni. Ya mwerezi au msonobari yana mafuta yanayodhuru mapafu.

SWALI: Nyoka-mahindi wangu mchanga alikula vizuri. Jioni ile ile nikamshika kuwaonyesha watoto, kesho yake akatapika panya mzima. Nimpe mwingine?

JIBU: Usimpe. Asidi ya tumbo imeshaunguza koo lake, na mlo wa haraka huleta kutapika tena. Mwache siku 10 hadi 14 akiwa na maji safi, kisha mpe panya wa nusu ya ukubwa wa yule. Akitapika mara ya pili, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Kumshika ndiko kulikoleta haya, ingawa baridi na panya mnene kupita kiasi huleta matokeo yale yale, kwa hiyo pima joto pia. Baada ya mlo asiguswe kwa saa 48. Panya asizidi unene wa sehemu nene kuliko zote ya mwili wa nyoka. Mchanga ale kila siku 5 hadi 7, mkubwa kila siku 10 hadi 14. Panya aliyegandishwa ayeyukie kwenye friji usiku kucha, kisha umpashe ndani ya mfuko uliotumbukizwa kwenye maji ya moto, umpe kwa koleo.

Kuhusu watoto: nyoka mwenye afya huweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Walio chini ya miaka 5 wasimshike, na wengine wanawe kwa sabuni kila mara.