Kitanzi peke yake hakitoshi

Umeuliza kwa nini, pale barabara kuu mbili zinapopishana, wahandisi wasichore tu kitanzi, yaani njia ya kuzunguka ya kuhamia barabara ya pili, kwenye ile pembe iliyo wazi, ili gari linalotoka kusini liweze kwenda magharibi. Kwenye ramani kinaingia, ndiyo. Shida iko leni ya pembeni: kitanzi kikimwaga magari karibu mno na njia ya kutokea iliyopo, wanaoingia na wanaotoka watakatana palepale, huyu anapunguza mwendo, yule anakanyaga mafuta. Foleni na ajali huanzia hapo. Dawa ni barabara ya pembeni iliyotenganishwa na ile kuu, au daraja la kumpitisha mmoja juu ya mwenzake. Daraja ni ghali, lakini halina ile kona kali inayolazimisha lori kutambaa.

Tena si lazima njia zote za kuunganisha zijengwe kwa mpigo. Kule Marekani, barabara kuu mbili, I-95 na Pennsylvania Turnpike, zilipishana miaka mingi bila kuunganishwa. Mwaka 2018 zilifunguliwa njia mbili tu, zile za kuifanya I-95 iendelee bila kukatika. Ningekuwa mimi, ningehesabu kwanza magari ya kila upande, kalamu baadaye.