Je, sindano za kuotesha ubongo zitamrudishia baba mkono wake?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 61, ni fundi wa kushona nyavu katika mwalo wa Kirumba. Miezi minane iliyopita alipatwa na kiharusi, na ingawa sasa anatembea kwa fimbo, mkono wake wa kulia bado hauwezi kufunga fundo. Mtu mmoja anatuuzia sindano za "vichochezi vya ukuaji", akisema kwamba huotesha ubongo upya, nasi tunafikiria kuuza injini ya mtumbwi ili tuzilipie. Tuuze? – Binti wa fundi, Mwanza.

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa kumuuguza mzee. Msiuze injini.

Vichochezi vya ukuaji si jina la kubuni. Ni protini ambazo mwili wenyewe hutengeneza ili seli ziishi, zikue na ziunganike, na ugunduzi wake uliwapatia Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Panya wa maabara waliopewa protini hizo baada ya kiharusi wamepata nafuu mara nyingi, na ndiyo maana watafiti wakaingiwa na matumaini makubwa, ambayo hata mimi niliyashiriki.

Kwa binadamu mambo yamekwenda vingine. Kuta za mishipa midogo ya damu inayolisha ubongo zimebanana mno, hivyo protini kubwa iliyodungwa mkononi hupenya kwa shida, huku sehemu nyingine za mwili zikiipokea yote na kupata madhara yake. Nchini Ujerumani wagonjwa 522 walishiriki katika jaribio la erithropoietini, ambayo kwa kawaida huchochea utengenezaji wa seli nyekundu za damu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba waliofariki miongoni mwa walioipata walikuwa asilimia 16.4, ilhali kwa wale waliopewa sindano isiyo na dawa walikuwa asilimia 9. Kichochezi kingine, kile cha seli nyeupe, kilijaribiwa kwa wagonjwa 328, na mwaka 2013 ikaripotiwa kwamba hakikuwaletea nafuu yoyote. Tena hao wote walidungwa saa chache tu baada ya kuugua. Mzee wenu ana miezi minane.

Seli zilizokufa siku ile hazitafufuka, lakini zile jirani zinaweza kujifunza kazi yake kwa kutengeneza viunganishi vipya, na kinachozifundisha ni kazi yenyewe inayorudiwa mara nyingi. Mazoezi huufanya ubongo utoe vichochezi vyake wenyewe, pale pale vinapohitajika. Hilo limeonekana wazi kwa wanyama. Nafuu kubwa huja katika miezi mitatu ya kwanza, ila mlango haufungwi hapo, na nimewaona watu waliopata nguvu ya vidole baada ya mwaka mzima.

Kwa hiyo mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia, Bugando au Sekou Toure, mkiwa na kipande cha wavu na ile sindano yake ya kushonea, kwa kuwa fundi wa nyavu hujifunza upya kwa wavu kuliko kwa mpira wa kuminyaminya. Aanze na kamba nene, fundo legelege, mara kadhaa kila siku, akipumzika anapochoka, na msimfungie nyinyi mafundo hayo kwa huruma. Mtaalamu akiona vidole vinafunguka kidogo, anaweza pia kumwagiza auzuie mkono mzima kwa saa kadhaa ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Msilifanye hilo bila yeye, maana anayetembea kwa fimbo anaweza kuanguka.

Kuhusu huyo muuzaji, mwombeni jina kamili la dawa, kisha mwulizeni mfamasia au ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hapo Mwanza, kama imesajiliwa na kwa ugonjwa gani. Kabla ya hayo yote, mpimeni mzee shinikizo la damu wiki hii. Barua yako haikutaja kama anameza dawa za presha kila siku, na kiharusi cha pili huja hasa kwa wale walioziacha walipoanza kujisikia vizuri.