Mfaransa akisema cœur, ni kifua ama tumbo?

SWALI: Mwalimu habari, mimi ni dereva wa watalii hapa Nakuru. Juzi tukiwa ndani ya paki mama mmoja Mfaransa akasema ana "mal au cœur", na vile najua cœur ni moyo nikageuza gari mbio nimpeleke hospitali, kumbe alikuwa anataka kutapika tu. Sasa hilo neno maana yake ni gani haswa?

JIBU: Ndugu yangu, kugeuza gari ulifanya vizuri kabisa, usijilaumu. Cœur ni moyo kweli, lakini "j'ai mal au cœur" ni nasikia kichefuchefu. Zamani Wafaransa walilitumia hilo neno hata kwa tumbo, na mpaka leo madaktari mdomo wa juu wa tumbo wanauita cardia, ambalo kwa Kigiriki ni moyo. Na vile barabara za paki zinarusha gari utaisikia sana hiyo, weka mifuko ya karatasi karibu na viti vya nyuma. Ya kukushtua ni "j'ai mal à la poitrine", yaani kifua kinauma, ama "crise cardiaque", moyo umeshambuliwa, hapo kanyaga mafuta. Ukiwa na shaka uliza "au ventre ou à la poitrine?", tumboni ama kifuani, atakuonyesha hata kwa mkono.

Matumizi mengine ni mengi. Kujua kitu "par cœur" ni kukikariri, "à contrecœur" ni shingo upande, mtu mkarimu wanasema ana "le cœur sur la main", na kwenye karata cœur ni kopa. "Au cœur de Paris" ni katikati ya Paris. Mimi napenda sana ile ya ushujaa: kwenye tamthilia ya Corneille, Le Cid ya 1637, baba anamuuliza mwanawe "Rodrigue, as-tu du cœur?", haulizi mambo ya mapenzi hapo, anataka kujua kama kijana ana ujasiri wa kulipiza aibu ya baba yake, vile sisi pia tunamwambia mtu ajipe moyo. Wateja wakikutajia Sacré-Cœur, lile kanisa jeupe la kilima cha Montmartre huko Paris, ni Moyo Mtakatifu wa Yesu huo huo Wakatoliki wetu wanaujua.

Kuandika, o na e zinashikana. Kutamka, viringisha midomo kama unasema o lakini utoe e, r itokee kooni. Chœur, yaani kwaya, inatamkwa vivyo hivyo, kwa hivyo sikiliza sentensi yote.