Chuo kushuka rankingi si lazima kiwe kimeharibika

Mzazi mwenzangu unayehofia kuwa chuo kikishuka kwenye rankingi, yaani orodha ya kupanga vyuo kwa ubora, basi kimeharibika, hapana, chuo kushuka nafasi kibao ndani ya mwaka mmoja hakumaanishi ufundishaji umeharibika, mara nyingi waandaaji wa rankingi ndo wamebadili hesabu zao. Chukua QS, moja ya rankingi za vyuo duniani, toleo la 2024, maoni ya wanataaluma yalishushwa toka 40% hadi 30%, uwiano wa walimu na wanafunzi ukakatwa toka 20% hadi 10%, halafu wakaingiza vipimo vipya vitatu, kimojawapo cha uendelevu (mchango wa chuo kwa mazingira na jamii), sasa hapo chuo kinaporomoka bila hata mwalimu mmoja kuondoka. Ile rankingi ya Shanghai ya China ndo usiseme, 30% ya maksi ni tuzo za Nobel na medali za Fields (tuzo kubwa ya hisabati) za waliosoma au kufanya kazi pale, kijana anayeanza digrii ya kwanza zinamsaidia nini? Na data nyingine vyuo vinapeleka vyenyewe, 2022 Columbia ya Marekani ilitoka nafasi ya 2 ikaenda ya 18 kwenye rankingi ya U.S. News ya huko huko Marekani, baada ya profesa wake mwenyewe wa hisabati kuhoji takwimu ilizopeleka.

Vigezo waandaaji wa rankingi wameviweka wazi kwenye tovuti zao, mi nilivisoma nikimtafutia binti yangu chuo. Ila kama wako analenga utafiti au PhD huko mbele basi rankingi ina uzito, tena afadhali ile ya somo lake kuliko ya chuo kizima. Kama sivyo, ulizia wangapi wanamaliza kwa wakati na kama kozi inatambuliwa na bodi ya taaluma husika.