Swali la Kiingereza: Mkubwa anapokutoa wasiwasi

SWALI: Mkuu wangu wa kazi ameniandikia "let me put your mind at rest". Ananipa likizo?

JIBU: Likizo hakuna, pole. Anasema: ngoja nikutoe wasiwasi. Kwa kawaida maelezo ya kuondoa shaka hufuata hapo hapo, kwa hiyo soma sentensi inayofuata. "Set" hushika nafasi ya "put" bila kubadili maana. Kinachobadilika ni mwenye wasiwasi: "my mind" ni wangu, "her mind" wa yule mama, wakiwa wengi, "their minds". Usiiache "mind" wala usichanganye na "lay to rest". Ukiandika "we laid him to rest", msomaji ataelewa mmemzika. Barua ya kumtuliza mteja itageuka tanzia!